Uhuru wa Mtandao Ni wa Nani?

Tarehe 21 Januari 2010, mjini Washington, Hillary Clinton, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Marekani, alitoa hotuba iliyoufanya "uhuru wa intaneti" kuwa sehemu rasmi ya siasa ya nje ya nchi yake. Tangu hapo Serikali ya Marekani imetumia mamilioni ya dola kugharimia programu zinazomwezesha mtu kusoma na kuandika kile ambacho serikali yake imekizuia. Katika madarasa ya itikadi hapa Tukuyu jambo hili huzua mawazo mawili karibu kila mara. La kwanza, ambalo ni la wazee wengi, ni kwamba VPN ni silaha ya mabeberu, na kijana anayeitumia amekwisha kununuliwa. La pili, ambalo ni la wanafunzi, ni kwamba teknolojia haina tabaka. Marekani wametusaidia, basi tushukuru. Mawazo yote mawili ni ya uvivu. Tunakusudia kuyapinga yote, lakini si kwa uzito ulio sawa, maana lile la kwanza ndilo lenye madaraka mkononi.

Tuanze na chombo chenyewe, kwa sababu nadharia isiyojua chombo kinavyofanya kazi ni porojo. Programu mashuhuri katika kundi hili inaitwa Tor. Haikubuniwa na wapigania uhuru. Ilibuniwa katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani katika miaka ya 1990. Ujumbe hufungwa kwa maandishi ya siri, ganda juu ya ganda kama kitunguu, ukapitishwa katika kompyuta tatu: ya kwanza inajua ulikotoka lakini haijui uendako, na ya mwisho inajua uendako lakini haijui ulikotoka. Sasa jeshi lilikuwa na tatizo. Njia ya siri inayopitwa na wanajeshi peke yao haimfichi mwanajeshi ye yote, kwani kila anayeonekana akitokea humo anajulikana ni nani. Ilihitajika halaiki ya watu wa kila namna. Kwa hiyo programu ikatolewa kwa umma mwaka 2002, na mwaka 2006 likaundwa shirika la kuisimamia, huku sehemu kubwa ya fedha ikiendelea kutoka serikalini. Mwandishi wa habari, mke anayemkimbia mume mpigaji, jasusi na mwuza dawa za kulevya wote wamo katika njia moja, na kila mmoja anamficha mwenzake. Beberu hakutoa sadaka. Alihitaji umati wa kujifichia. Lakini umati nao ulipata njia, na hilo halifutiki kwa kulikasirikia.

VPN ni jambo rahisi zaidi. Ujumbe wako hupitia seva ya mtu mwingine, mara nyingi katika nchi nyingine, na kampuni ya simu huona tu kwamba unazungumza na seva hiyo. Mdhibiti wa hapa umemkwepa, lakini mwenye seva anakuona. Kijana anayepakua VPN ya bure bila kuuliza nani anaigharimia amebadilisha bwana tu.

Hitilafu za siasa ya Washington

Hotuba ya 2010 iliahidi mtandao mmoja ulio wazi kwa wanadamu wote. Mwezi Juni 2013 Edward Snowden aliuonyesha ulimwengu kwamba Serikali hiyo hiyo, kwa mkono wake mwingine, ilikuwa ikikusanya mawasiliano ya watu wa dunia kwa wingi usiopata kuonekana. Nyaraka zake zilionyesha pia kuwa shirika la ujasusi la NSA lilikuwa likijitahidi kuivunja Tor, yaani idara moja ililipa ili kufuli litengenezwe na nyingine ikalipa ili livunjwe. Aprili 2014 ikafichuka habari ya ZunZuneo, mtandao wa ujumbe mfupi ambao USAID iliuanzisha kwa siri kwa ajili ya vijana wa Kuba, bila wao kuambiwa mwenye mali ni nani. Walidhani wanazungumza wao kwa wao.

Na mwaka 2025 mwanafunzi anayesema tushukuru alipata jibu lake. Mwezi Machi, baada ya amri ya Rais Trump, ruzuku ya Open Technology Fund, mfuko ambao kwa miaka mingi ulikuwa mlango mkubwa wa fedha hizi, ilikatwa kwa barua, na mfuko ukalazimika kwenda mahakamani kudai fedha yake. Haki ya mtu wa Tehran au Rangoon ya kusoma gazeti ilikuwa imetundikwa kwenye saini moja ya Washington. Hilo ndilo somo la kujitegemea, nalo halikuanza na intaneti.

Masafa mafupi ya Dar es Salaam

Lakini wazee nao wanasahau historia yao wenyewe. Katika miaka ya 1960 na 1970 Serikali ya Tanzania ilifanya kazi hii hii kwa mitambo yake. Idhaa ya Nje ya Radio Tanzania Dar es Salaam iliwapa FRELIMO, ANC, SWAPO na vyama vya Zimbabwe nafasi ya kusema na watu wao kwa masafa mafupi, kuvuka mipaka ambayo Wareno, walowezi na makaburu walikuwa wameifunga kwa sheria zao za udhibiti. Katika Afrika ya Kusini kusikiliza Radio Freedom ya ANC lilikuwa kosa la kumpeleka mtu gerezani. Makaburu waliita jambo hilo uchochezi na hatari kwa usalama wa nchi. Kada anayesema leo kwamba serikali yo yote inayowasaidia watu wa nchi nyingine kukwepa udhibiti ni adui kwa hilo tu, ameihukumu Tanzania ya Mwalimu pamoja na Washington. Wala hoja ya fedha za nje haitoshi peke yake: Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere huko Kibaha, iliyofunguliwa mwaka 2022, ilijengwa kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China, na hatuoni aya kuisema.

Tofauti ya Radio Tanzania na ZunZuneo haiko katika mitambo. Radio Tanzania ilitaja jina lake kila ilipofungua matangazo. Waliosema ni wenyewe waliokuwa wakipigana. Na lengo lao lilijulikana kwa rafiki na kwa adui. Kipimo basi ni hiki: nani anaficha, anamficha nani, na mnyonge anapata nini. Kipimo hiki tukikishika hatuna budi kukigeuza kituelekee na sisi.

Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba watumiaji wa VPN watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa picha za ngono. Septemba 2025 leseni ya JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini, ikaanza kurudi tarehe 3 Novemba. Hapo VPN haikuwa na msaada wo wote, maana njia ikikatwa kabisa hakuna cha kukwepa. Zilikuwa siku ambazo watu walikufa. Rais mwenyewe baadaye alitoa pole kwa waliofiwa na kuunda tume ya uchunguzi. Katika siku za namna hiyo ndipo mwananchi anapohitaji habari za kweli kuliko siku nyingine zote, na palipokosekana habari uvumi ndio ulioshika usukani.

Tena tuitazame hasara yenyewe kitabaka. Rungwe inalima chai, ndizi, viazi na parachichi. Mkulima wa Katumba anayeuliza bei ya parachichi kwa WhatsApp kwa wenzake wa Njombe anakuwa na neno la kumjibu dalali. Mtandao ukizimwa, dalali aliyesimama shambani ndiye anayebaki na bei mdomoni. Mkubwa mwenye watu wa kumpigia simu kutoka kila kona hakosi habari. Anayekosa ni yule ambaye Chama hiki kinasema kiliundwa kwa ajili yake, na ndiye huyo anayekwenda kutafuta VPN ya bure. Kila mlango unaofungwa bila sababu iliyoelezwa unawapatia mabeberu mteja mpya, bila wao kutoa senti ya matangazo.

Hatusemi Serikali isidhibiti cho chote. Wapo matapeli wa fedha za simu, wapo wanaosambaza picha za watoto, na hao washikwe. Lakini Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari bila kujali mipaka ya nchi, na uhuru wa kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Kufunga mtandao kuwe ni kwa amri ya mahakama, yenye sababu zilizoandikwa na tarehe ya mwisho, ambayo mwananchi anaweza kuipinga. Na kama kinga ya mawasiliano ni jambo jema, vyuo vyetu vina vijana wanaoweza kuichukua programu huria ya Tor, kuisoma mstari kwa mstari na kuendesha seva zake hapa hapa.

Katika mafunzo ya matawi, kuanzia Kiwira hadi Katumba, Ibara hiyo isomwe sambamba na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, kanuni kwa kanuni, na wanafunzi watakiwe kuonyesha ni wapi kanuni inamlinda mkulima na ni wapi inamlinda mkubwa.