Ngoma ya Jukwaani na Ngoma ya Uwanjani

Sisi tukaao Sokon I, chini ya Mlima Meru, tuko mbali na bahari, wala hatudai kuyajua ya pwani kuwashinda wenyewe. Hata hivyo, ndugu zetu walimu hutuuliza mara kwa mara: je, matamasha yafanyikayo kila mwaka katika mji wa Zanzibar yanaukuza utamaduni wetu au yanauuza? Swali hilo latuhusu na sisi wa bara, kama itakavyoonekana.

Matamasha yavumayo zaidi mjini humo ni mawili. Lipo Tamasha la Filamu, liitwalo pia la Nchi za Jahazi, lililoanza mwaka 1998; na ipo Sauti za Busara, ya muziki, iliyoanza mwaka 2004, ambayo kwa miaka mingi ukumbi wake umekuwa Ngome Kongwe. Hapa tutasema juu ya hili la pili.

Tumchukue marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013. Watu wengi walimjua kwa taarabu, lakini bibi huyo alikuwa pia kungwi. Ngoma ya unyago haikuumbwa ili itazamwe. Ni shule: mwari hufundishwa humo mambo ya utu uzima, kwa nyimbo zenye mafumbo ambayo hayafumbuliwi mbele ya wanaume. Ilipopandishwa jukwaani mlio wake ulisikika, somo likabaki nyumbani. Wapo waliosema kuwa huko ni kuivua nguo ngoma. Hatukubaliani nao moja kwa moja, maana pasipo jukwaa vijana wengi wa bara wasingalimjua bibi huyo kamwe, na sauti ile ilistahili kusikiwa.

Kasoro tuionayo sisi iko penginepo. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika, kwa kuwa fedha za kuiendesha zilikosekana. Waimbaji walikuwapo, ngoma zilikuwapo, na wasikilizaji walikuwapo. Sherehe iwezayo kuzuiwa na mfuko wa mfadhili ni sherehe ya nani?

Basi na tutoke mjini, twende kusini mwa Unguja hadi Makunduchi, mwezi wa Julai, siku za Mwaka Kogwa. Hapo wanaume wa pande mbili hupigana kwa vigogo vya migomba, na mwenye chuki ya mwaka mzima huimaliza hapohapo. Kibanda cha makuti huchomwa moto, watu wakaangalia moshi unaelekea wapi, wapate kuubashiri mwaka mpya. Wanawake, wamevaa nguo zao nzuri kabisa, hupita wakiimba, na baadhi ya maneno yao si ya kuandikwa katika kitabu cha shule. Watalii wamo pia, na kamera zao. Lakini mgeni hapo hukaribishwa chakula majumbani, kwa kuwa mila yenyewe yataka hivyo, na hata asipotokea mgeni hata mmoja, kibanda kitachomwa.

Nasi huku kwetu tusijione wasafi. Tumeshuhudia katika hoteli moja vijana wa Kiarusha wakiruka ngoma ya morani huku wageni wakinywa supu. Baada ya robo saa wakaondolewa ili kupisha nyama. Ngoma ile ni ya rika. Kijana huiruka pamoja na wale waliotahiriwa wakati mmoja naye, huku mama na shangazi zake wakimtazama, na wasichana wakimpima kwa macho. Hotelini hapakuwa na shangazi. Tuliona hata miruko yenyewe ilikuwa mifupi.

Tulimngoja mmojawapo nje, tukamwuliza kwa nini hakuruka kama arukavyo kijijini. Alitusalimu kwa heshima, akasema kijijini huruka mpaka alfajiri, ila ada ya shule ya mdogo wake hutoka hapa.