Picha na Ukumbusho: Lugha ya Bienale ya Lubumbashi

Bienale ya Lubumbashi ilianzishwa mwaka 2008 na wasanii wa mji huo waliojikusanya katika chama cha Picha, miongoni mwao mpiga picha Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza. Neno picha ni la Kiswahili, nalo lilikuwa kama ahadi: kwamba mji ungejitazama na kujisemea wenyewe. Ahadi hiyo yastahili kupimwa.

Mahali penyewe si mahali patupu. Wabelgiji waliuanzisha mji huo mwaka 1910, kisha wakautenga mtaa wa Wazungu na makao ya Waafrika kwa ukanda usiokaliwa na mtu, wakidai kwamba wanazuia malaria. Katika kazi yake ya mwaka 2013, Essay on Urban Planning, Baloji aliurejea ukanda huo: alipanga picha za mji zilizopigwa kutoka angani sambamba na picha za wadudu waliohifadhiwa katika makumbusho ya Lubumbashi. Mtazamaji huona papo hapo jinsi mdudu alivyofanywa kisingizio cha kuwapanga watu. Mwaka 2015 kazi hiyo ilionyeshwa Venice, ikasifiwa. Lakini wanaouvuka ukanda huo kila siku, kutoka Kamalondo au Kenya kwenda katikati ya mji, wangeizungumzia kwa maneno gani?

Hapo ndipo penye udhaifu. Bienale ya mwaka 2022 ilichagua mada ya Toxicité. Kwa Kifaransa, mada hiyo inacheza vizuri na maneno: ndani ya neno lenye maana ya sumu limo neno cité, ambalo nchini Kongo hutaja mitaa ya wananchi. Katika mji wa migodi, fikra hiyo ina uzito. Hata hivyo, mchezo huo haufasiriki. Neno sumu halibebi mtaa ndani yake. Wale wanaotajwa na mada ndio wanaobaki nje ya mada.

Itajibiwa kwamba wachoraji wa zamani nao waliandika kwa Kifaransa juu ya turubai zao. Ni kweli. Lakini katika miaka ya 1970 picha za Tshibumba Kanda Matulu na wenzake zilitundikwa sebuleni, na mbele yake watu walisimuliana kwa Kiswahili. Ndiyo maana waliziita ukumbusho: thamani ya picha ilikuwa katika mazungumzo iliyoyazaa. Kundi la Mufwankolo nalo lilijenga tamthilia zake kwa Kiswahili cha mji huohuo, na wasikilizaji wakajitambua.

Basi sebule ile, ingawa ndogo, ilikuwa ya umma kuliko ukuta wa barabarani usio na msemaji. Kuitoa sanaa katika ukumbi ni hatua ya kwanza tu. Uwanja hugeuka pale wapitao wanaposimama, wakabishana na kukumbushana.

Hapana haja ya kukifukuza Kifaransa, kwani wageni wapo na wanakaribishwa. Inayohitajika ni mada inayofikiriwa tangu mwanzo katika Kiswahili cha Lubumbashi, si Kiswahili cha vitabu vya pwani, wala tafsiri iliyobandikwa mwishoni. Mpaka hapo, chama cha Picha kitakuwa kimetimiza jina lake, lakini bado kinadaiwa ukumbusho.