Genge la Shule na Daftari Lake

Imekuwa desturi katika mikutano ya elimu ya nchi zetu kusikia hoja moja ikirudiwa. Wasemaji husema kwamba mwanafunzi wa shule ya msingi akipewa kazi ya kuzalisha na kuuza, iwe bustani ya mchicha, kuku wa mayai au sabuni ya mche, basi kusoma na kuhesabu vitamjia vyenyewe, kwa kuwa amepata sababu ya kuvitaka. Hoja hii ina mvuto, na sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda hatuna sababu ya kuipinga yote. Lakini hilo neno “vyenyewe” hatuwezi kuliacha lipite bila kulihoji.

Tuanze na hesabu. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Brazili, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watoto watano, wenye umri kati ya miaka 9 na 15, waliokuwa wakiuza vitu katika mitaa ya Recife. Watafiti walijifanya wateja. Penye biashara watoto wale walijibu sawasawa maswali 98 katika kila mia. Baadaye waliulizwa hesabu zilezile kwa maneno, kama zinavyoulizwa shuleni, wakapata 74 hivi. Na walipopewa tarakimu tupu, wakapata 37 tu. Mtoto mmoja aliulizwa bei ya nazi nne, kila moja kwa 35. Alijumlisha kichwani: tatu ni 105, ongeza 30, ongeza 5, jumla 140. Alipopewa karatasi akokotoe 35 mara 4, alianza kubeba mbili kama alivyofundishwa, akaijumlisha kabla ya kuzidisha, na jibu lake likawa 200. Hakushtuka hata kidogo kwamba nazi zilezile zimepanda bei kwa 60.

Uchunguzi mkubwa zaidi ulichapishwa mwaka 2025 kutoka masoko ya Kolkata na Delhi, nchini India, juu ya watoto zaidi ya 1,400 wanaofanya kazi sokoni. Nao ulionyesha vivyo hivyo: mtoto anayekokotoa bei na chenji bila kusita hushindwa na hesabu ya kugawanya iliyoandikwa ubaoni. Pia ulionyesha upande wa pili, ambao sisi walimu hatupendi kuusikia sana: watoto wa shule wasiofanya biashara, hata wale waliozimudu hesabu za daftari, walishindwa na hesabu za soko. Maarifa yalikaa pande mbili za mto, na hapakuwa na mtumbwi wa kuyavusha.

Tukiukubali ushahidi huo, hatuna budi kukiri kwamba genge la shule peke yake halitoshi. Mtoto anayeuza mayai kwa mwaka mzima anaweza kuumaliza mwaka akiwa mjuzi wa kuuza mayai, na asiwe na zaidi ya hapo. Panapohitaji kazi ya mwalimu ni kati ya genge na daftari.

Tuchukue mfano. Darasa la nne lina kuku, na kwa juma moja limekusanya trei moja, yaani mayai 30. Bei ya yai ni shilingi 500. Mayai matatu yamevunjika. Chakula cha kuku cha juma hilo kimegharimu shilingi 9,500. Muulize mtoto aliyekaa gengeni wamepata ngapi, atakujibu mara moja: 13,500, kwa sababu ndizo zilizomo koponi. Hajakosea hesabu, ila amejibu swali jingine. Ili apate 4,000, ambazo ndizo faida, inampasa aondoe fedha ambazo hazimo tena koponi na ambazo huenda yeye hakuziona zikitoka. Kitu kisichoonekana hakikumbukwi ila kwa maandishi. Hapo ndipo mtoto anapotambua kwa nini watu waliandika: mnunuzi wa chakula aliandika Jumatatu, naye muuzaji anasoma Ijumaa. Tukumbuke pia zile 1,500 za mayai yaliyovunjika, ambazo hazikuingia wala hazikutoka. Ziandikwe wapi? Tumeona darasa likibishana juu ya swali hili kipindi kizima, na hatukuona sababu ya kuwanyamazisha.

Upande wa lugha una utajiri mkubwa zaidi, na inasikitisha kwamba wahubiri wa biashara shuleni hawautaji kabisa. Chukua maneno “elfu kumi na tano.” Je, ni 15,000 au 10,005? Sokoni hakuna anayeuliza, kwa sababu bei ya mchele haimalizikii kwa shilingi tano. Lakini mwanafunzi akitakiwa kuiandika namba hiyo kwa tarakimu, sarufi yetu inamwacha njia panda, na mwalimu asiyelitambua tatizo atamwandikia kosa mtoto aliyesikia vizuri kabisa. Wapo wanaopendelea “kumi na tano elfu” ili kuondoa utata. Wengine hutegemea kituo cha sauti, ambacho katika maandishi hugeuka mkato. Hili ni somo zima la hesabu na la uandishi kwa pamoja, nalo linatoka katika kopo la fedha.

Vilevile upatanisho wa kisarufi. Mwanafunzi wetu ambaye Kiswahili si lugha ya mama yake hutaabika kukariri kwamba tunasema mayai matatu, kuku watatu, vikapu vitatu na trei tatu, lakini sita, saba, tisa na kumi havibadiliki. Daftari la mauzo linamlazimisha kuyaandika hayo kila siku juu ya vitu vilivyo mbele yake. Kisha kuna kauli za vitenzi. “Mayai matatu yamevunjika,” aliandika mwanafunzi mmoja. Mwenzake akadai iandikwe “Tumevunja mayai matatu.” Kwa hesabu hakuna tofauti, kwa uwajibikaji ipo. Sijui ni kitabu gani cha sarufi kinachoweza kuleta kauli ya kutendeka kwa uhai namna hiyo.

Wapo watakaosema kwamba haya si mapya, nao wanasema kweli. Gandhi alilileta wazo la kufundisha kwa njia ya kazi za mikono katika mkutano wa Wardha, Oktoba 1937, akitumaini hata kwamba kazi za wanafunzi zingesaidia kulipa mishahara ya walimu. Kamati iliyoongozwa na Zakir Husain, ambayo ililichambua wazo hilo, iliona hatari mapema: kwamba upande wa mapato ungeweza kuumeza upande wa elimu. Miaka 30 baadaye, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Kijitabu hicho kimetajwa mara nyingi kuliko kilivyosomwa. Watu wanakumbuka shamba la shule. Wachache wanakumbuka kwamba kiliwataka wanafunzi washiriki katika kupanga na katika kuamua mapato yatumikeje, na kwamba mambo ya shamba, kama vile mbolea, yaingie katika masomo ya darasani. Katika shule nyingi, kwao na kwetu, shamba lilibaki na darasa likabaki, kila kimoja peke yake. Mbaya zaidi, shamba likawa adhabu: mchelewaji apalilie, mpiga kelele achote maji. Mtoto aliyefundishwa kwamba jembe ni kiboko hawezi kuambiwa kesho yake kwamba jembe ni somo.

Kwa watu wazima mambo yalikwenda vizuri zaidi. Mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza Mwanza mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO, uliandaa vitabu vya kusomea juu ya pamba, ndizi, uvuvi na ufugaji. Msomaji alikutana kitabuni na kazi yake mwenyewe. Upungufu wake, kwa maoni yetu, ni kwamba kitabu kilikwishaandikwa na mtaalamu, mkulima alikisoma. Daftari la genge lina fadhila ya kuandikwa na msomaji wake.

Hatutaki kulipamba mno. Daftari la mauzo lina lugha finyu: majina, idadi, bei, tarehe. Mtoto asiyesoma kitu kingine hataweza kufuata ngano ya Sungura wala habari ya gazeti. Wale wanaotaka vipindi vya hadithi vipunguzwe ili kuipisha miradi wanatoa kitu kikubwa wapate kidogo. Miradi iingie katika vipindi vilivyopo, na genge liwe dogo kiasi cha kutoshea katika ukurasa mmoja kwa juma. Genge kubwa humhitaji mtu mzima, na mtu mzima akishika fedha atalishika na daftari.

Na hapa tunalo neno kwa walimu wenzetu wa Uganda. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima, lakini wanafunzi wetu wengi bado hukisikia sokoni kabla ya kukisikia darasani. Tumekuwa tukiuona Kiswahili hicho cha sokoni kama uchafu wa kusafishwa. Twaona ingefaa kuanzia hapo, kwa fungu, kwa kilo nusu, kwa robo tatu, maneno ambayo mtoto anayo tayari mdomoni na anangoja kuyaona yameandikwa.

Tunapotembelea shule yenye mradi wa namna hii, basi, tusianze kwa kuuliza mapato. Tuombe daftari, tutazame ni mwandiko wa nani. Mara nyingi tumekuta mwandiko mmoja tu, wa mwalimu. Mara nyingine tumekuta wa wavulana watatu, huku wasichana wakiwa ndio wanaofagia banda na kuchota maji ya kuku. Katika banda kama hilo kuku wanaweza kunawiri sana.