Deni la Mke katika Duka la Mume

Mwanamke wa pwani aliyeuza dhahabu yake ili duka la mumewe lipate shehena ya kwanza aghalabu haandikiwi chochote, kwani baina ya mke na mume hati huonekana kuwa ni tuhuma. Na mume akishafariki, warithi wakakaa kitako kuhesabu, dhahabu ile imekwisha kugeuka magunia ya mchele, na magunia yamekwisha kuitwa mali ya marehemu. Dhulma hii haitokani na sheria. Sheria ya mirathi ya Kiislamu, wanayohukumu kwayo makadhi wa Mombasa na Unguja, imepanga bayana kwamba hutangulia gharama za maziko, hufuata madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane kilichosalia.

Natuchukue mfano wa duka lililoachwa na mali ya shilingi 2,400,000 baada ya maziko, na ndani yake mna 800,000 alizokopesha mke. Deni likikosa ithibati, mjane mwenye watoto hupewa thumuni ya mali yote, yaani 300,000, na fedha zake mwenyewe hurithiwa na wenziwe. Likithibiti, hulipwa kwanza 800,000 zake, kisha hupata thumuni ya 1,600,000, ambayo ni 200,000, akatoka na 1,000,000. Mahari aliyokuwa hajalipwa nayo ni deni, na huingia safu hiyo hiyo.

Ithibati yenyewe imeelezwa katika aya ya 282 ya Sura al-Baqara: deni la muda liandikwe, na washuhudie wanaume wawili, au mwanamume mmoja na wanawake wawili. Hati itaje kiasi, tarehe na muda wa malipo, na iseme wazi kwamba fedha ni mkopo, si hiba wala mtaji, maana mwenye mtaji hushiriki hasara na mkopeshaji hashiriki. Tena nchini Kenya dai la mkataba hufungwa baada ya miaka 6. Kwa hiyo kila mwisho wa mwaka mume na atie sahihi daftarini kukiri baki la deni, na muda huanza kuhesabiwa upya.

Ikiwa biashara ni kampuni, mdaiwa ni kampuni, wala si marehemu. Warithi hurithi hisa, na deni hubaki palepale. Aron Salomon, mtengenezaji viatu wa London, aliiuzia biashara yake kampuni ya jamaa zake mwaka 1892, akabakiza pauni 10,000 za bei kuwa deni lenye dhamana ya mali ya kampuni. Ilipofilisika, majaji wa daraja la juu kabisa la Uingereza wakaamua mwaka 1896 kwamba dai lake ni sahihi. Ila dhamana ya namna hiyo sharti isajiliwe kwa Msajili wa Makampuni, la sivyo mfilisi huipuuza.

Linalosahauliwa mno ni mke kutangulia yeye. Hapo deni huwa ni mali yake, na wadai ni warithi wake: mume robo, wazazi kila mmoja sudusi, na watoto wakachukua baki. Kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, deni analodai marehemu hubaki na muda wake, hali deni analodaiwa huiva siku ya kifo chake. Basi hati iliyotaja malipo ya mwezi kwa mwezi humwezesha mume kuwalipa wakwe zake pole pole, pasipo kuuza rafu za duka.