Je, Kiswahili Hufunga Mabao?

Katika mazungumzo ya mpira hapa Kampala, na hata katika makongamano ya lugha ambako mtu asingetarajia kusikia habari za Simba na Yanga, kuna hoja moja inayopendwa sana. Inadaiwa kwamba mchezaji wa kigeni anayeijua lugha ya mahali hucheza vizuri kuliko yule asiyeijua. Kwa upande wetu hoja hiyo huja na mfano wake tayari: tazameni, husema wasemaji, jinsi Warundi, Waganda, Wanyarwanda na Wakongo wanavyong'ara Dar es Salaam, ni Kiswahili hicho! Sisi tunaofundisha lugha hii hufurahi tukiambiwa hivyo. Hata hivyo, kufurahia hoja si sawa na kuihakiki. Baadhi ya vijana wanaohudhuria madarasa yetu ya jioni ni wachezaji. Wanalipa ada kwa fedha zao wenyewe, wakitumaini kusajiliwa ng'ambo ya ziwa. Kwa ajili yao tumeona ni vyema hoja hii ipimwe hadharani kabla haijageuzwa tangazo la biashara.

Tuanze na takwimu, kwa kuwa ndizo hutangulizwa. Tukichukua misimu 13 ya Ligi Kuu Tanzania Bara, kuanzia 2012/13 hadi 2024/25, Watanzania waliongoza kwa ufungaji katika misimu minne tu. Simon Msuva aliongoza mara mbili, mara ya pili akilingana na Abdulrahman Mussa. Wengine ni John Bocco na George Mpole. Misimu tisa iliyobaki ilikuwa ya wageni, na sita kati ya hiyo ilikuwa ya majirani zetu. Amissi Tambwe wa Burundi alifunga mabao 19 akiwa Simba msimu wa 2013/14, kisha 21 akiwa Yanga msimu wa 2015/16. Emmanuel Okwi wetu alifunga 20 akiwa Simba msimu wa 2017/18. Meddie Kagere, aliyezaliwa Uganda na kuichezea Rwanda, alifunga 23 na kisha 22 katika misimu miwili iliyofuata. Msimu wa 2022/23 Fiston Mayele wa Kongo, akiwa Yanga, na Saido Ntibazonkiza wa Burundi walilingana kwa mabao 17. Hapo ndipo wenye hoja hupiga makofi.

Orodha hiyohiyo, hata hivyo, ina majina mengine matatu ambayo hayasomwi kwa sauti. Kipre Tchetche wa Ivory Coast, akiichezea Azam, aliongoza kwa mabao 17 msimu wa 2012/13. Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso, ambaye Yanga ilimsajili mwaka 2022 kutoka ASEC Mimosas ya Abidjan, alifunga 21 msimu wa 2023/24. Jean Charles Ahoua, naye Mwivory Coast, alifunga 16 msimu wa 2024/25, na huo ulikuwa msimu wake wa kwanza Simba. Abidjan si mji ambao mtu hujifunza Kiswahili sokoni. Kama lugha ndiyo inayofunga mabao, hawa watatu walifunga kwa lugha gani?

Isitoshe, wenye hoja huhesabu mataifa wakidhani wanahesabu wasemaji. Mwanaisimu hapaswi kuliachia kosa hili lipite. Kongo ina lugha nne za taifa: Kilingala, Kiswahili, Kikongo na Kiluba. Mayele alizaliwa Mbuji-Mayi, mji wa Kasai ambako Kiluba ndicho kinachotawala, na Yanga ilimchukua kutoka AS Vita ya Kinshasa, mji wa Kilingala. Kusema "ni Mkongo, kwa hiyo ni Mswahili" ni sawa na kusema kila Mganda anazungumza Kiluo kwa sababu tu Kiluo kinazungumzwa Tororo. Burundi nayo, ukitoka Buyenzi na mitaa mingine michache ya Bujumbura, ni nchi ya Kirundi. Na hapa kwetu? Katiba yetu, tangu marekebisho ya 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Wenzetu wanaofundisha shule za sekondari wanajua vizuri umbali uliopo kati ya Katiba na darasa.

Kuna pia sababu ya kawaida kabisa ambayo haihitaji isimu. Klabu za Dar es Salaam zilikuwa na desturi ya kusajili karibu na nyumbani kwa sababu nauli ilikuwa ndogo, mchezaji alikwisha kuonekana katika Kombe la Kagame, na kama hakufaa alirudishwa kwa basi. Ukivua samaki wengi ziwani, wengi wa samaki wako watakuwa wa ziwani. Klabu kubwa zilipopata uwezo wa kwenda mbali zaidi, tuzo ya ufungaji nayo ilikwenda Afrika Magharibi misimu miwili mfululizo.

Lililo zito zaidi, kwa maoni yetu, ni kwamba hoja yenyewe imefunga mkokoteni mbele ya punda. Husemwa kwamba Haruna Niyonzima alidumu Dar kwa sababu ya Kiswahili chake. Niyonzima, ambaye mashabiki walimbatiza Fabregas, aliingia Yanga mwaka 2011, akahamia Simba mwaka 2017, na baadaye akarudi Yanga. Ni kweli kwamba alizaliwa Gisenyi, mji unaopakana na Goma, ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku sokoni. Hata hivyo, hebu tufikiri juu ya mchezaji yeyote anayefika ugenini. Akicheza vizuri mwezi wa kwanza, kila mtu anataka kuzungumza naye: wenzake, muuza chipsi, dereva wa bodaboda, mtangazaji wa redio. Baada ya misimu mitatu anakijua Kiswahili kwa sababu amekaa misimu mitatu, na amekaa kwa sababu alicheza vizuri. Mwenzake aliyekaa benchi huondoka dirisha dogo linapofunguliwa, akiwa na "mambo" na "poa" zake mbili. Ukiwalinganisha wawili hawa miaka mitano baadaye utasema lugha ilimwinua wa kwanza. Kumbe yawezekana mpira ndio uliomfundisha lugha.

Wanaoitetea hoja wakibanwa na takwimu za Dar hukimbilia Ulaya. Huko nako hakuna kimbilio. Mfano unaotajwa sana wa mchezaji aliyeshindwa kwa ajili ya lugha ni Ian Rush, Mwelsi aliyetoka Liverpool kwenda Juventus mwaka 1987, akafunga mabao saba tu katika ligi, na mwaka uliofuata akarudi Liverpool. Saba ni machache, hatubishi. Lakini mfungaji bora wa ligi ya Italia msimu huo, ambaye ni Diego Maradona mwenyewe, alifunga 15. Hiyo ilikuwa ligi ya mabeki, na anayezilaumu saba za Rush bila kutaja 15 za Maradona anatusomea nusu ya ukurasa.

Gary Lineker alikwenda Barcelona mwaka 1986, akajifunza Kihispania, akapendwa, na Januari 1987 akawafunga Real Madrid mabao matatu katika mchezo mmoja. Mfano mzuri, ila una mwendelezo. Johan Cruyff alipokuja kuwa kocha mwaka 1988 alimtoa katikati na kumpeleka winga ya kulia. Mabao yakapungua, na mwaka 1989 Lineker akarudi Uingereza. Kihispania chake hakikuwa kimepungua hata kitenzi kimoja. Kwa upande wa pili yupo Gareth Bale, ambaye magazeti ya Hispania yalimsema kwa miaka kwamba hajifunzi lugha. Bale huyo alifunga katika fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2014, akafunga mawili katika fainali ya 2018, moja likiwa la tikitaka, na mwaka 2022 akaondoka Real Madrid na makombe matano ya mashindano hayo. Hata hivyo, mambo yalipoharibika baina yake na mashabiki, alizomewa katika uwanja wake wa nyumbani, na mahojiano yake yalikuwa ya Kiingereza. Hapo, nje ya mstari wa uwanja, ndipo tunapoanza kuiona kazi halisi ya lugha.

Makocha vilevile. Marcelo Bielsa aliiongoza Leeds kurudi Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2020, baada ya miaka 16, huku maneno yake yakipitia kwa mkalimani. Nasreddine Nabi, Mtunisia, aliipa Yanga ubingwa mara mbili mfululizo na kuifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Kikosi kile kilikuwa na kipa kutoka Mali, Djigui Diarra. Kama kuna nafasi inayodai mdomo uwanjani ni hiyo ya kipa, kwa kuwa yeye ndiye anayeuona mchezo wote ukiwa mbele yake. Tunadhani maelezo yake ni mepesi: kipa hahitaji lugha, anahitaji maneno. "Kaba!" "Toka!" "Nyuma yako!" "Achia!" Hayo hayafiki thelathini, na mtu mwenye akili timamu huyameza kwa juma moja la kambi. Mengine amekuja nayo kutoka kwao: kona, penalti, faulo, ofsaidi. Hakuna ngeli wala upatanisho wa kisarufi katika kumwambia beki apande.

Basi je, lugha haina maana kwa mchezaji wa kigeni? La hasha. Tunachokataa ni mahali inapowekwa. Kijana mmoja aliyepita katika madarasa yetu, beki wa kati, alirudi baada ya miezi saba kutoka klabu moja ambayo hatutaitaja. Uwanjani hakupata tabu yoyote. Tabu ilianza alipoumia nyama za nyuma ya paja. Mtu wa tiba alimwuliza, "Inavuta au inachoma?" Akajibu, "Ndiyo." Akaulizwa tena, akajibu tena, "Ndiyo." Akawekewa barafu, na baada ya siku mbili akarudishwa mazoezini, ambako paja lilichanika vibaya. Akatolewa kikosini. Mishahara nayo ikakoma, naye hakujua aandike nini wala amwandikie nani.

Sheria ilikuwa upande wake. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, tangu mwaka 2018, zinasema kwamba mchezaji asiyelipwa mishahara miwili ya mwezi anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali, mradi aiandikie klabu kwanza na kuipa siku 15 ilipe deni. Siku hizo 15 huanza na barua, si na hasira wala kugoma kambini. Kijana wetu aliweza kusema "Achia!" kwa lafudhi ya Temeke lakini hakujua maneno "malimbikizo", "notisi" na "fidia". Aliporudi na kututolea mkataba wake wenye kurasa mbili za Kiswahili na Kiingereza, tuligundua kwamba kifungu cha matibabu kilikuwemo, tena kimeandikwa vizuri. Hakuwa amewahi kukisoma.

Ndiyo maana tunaona kwamba wanaosema "jifunze Kiswahili ufunge mabao" wanawadhulumu wachezaji mara mbili. Kwanza wanawaahidi kitu ambacho hakuna mwalimu wa lugha anayeweza kukitoa. Pili wanawaficha kile tunachoweza kuwapa. Mshambuliaji akikaa mechi sita bila bao ataambiwa Kiswahili chake ni kibaya, ilhali hapewi krosi. Huyo akirudi Kampala atasema tulimla fedha zake, nasi hatutakuwa na jibu.

Silabasi nazo hazina budi kuguswa. Kozi za wageni katika vyuo vingi vya eneo hili huanza na salamu, zikaenda kwenye familia, kisha hotelini, kana kwamba kila mwanafunzi ni mtalii anayeulizia njia ya ufukweni. Mchezaji atalazwa hotelini na klabu, kwa hiyo hana haja ya kuagiza chumba. Anahitaji majina ya sehemu za mwili kuanzia kiuno kwenda chini: nyonga, paja, goti, ugoko, kifundo cha mguu, kisigino. Anahitaji kueleza maumivu: yanavuta, yanachoma, yanadunda, yalianza lini. Anahitaji kusoma kifungu cha mkataba polepole na kuuliza, "Hapa mna maana gani?" bila kuona haya. Sarufi ipo humo tele. Kauli ya kutendwa peke yake inaweza kufundishwa kwa sentensi za mkataba hadi mwisho wa muhula, maana mchezaji husajiliwa, hutolewa kwa mkopo, hukatwa mshahara na huachwa, mambo yote hayo akitendwa yeye.

Katika muhula ujao tutaanza kukusanya msamiati wa darasa la namna hiyo. Wasomaji waliowahi kucheza au kufanya kazi na timu za Tanzania, Kenya au mashariki ya Kongo tunawaomba watuletee maneno yanayotumika kweli uwanjani na katika chumba cha tiba, pamoja na jina la mji walikoyasikia. Tungependa hasa kujua kipa anapotoka kuufuata mpira wa juu, je, hupaza sauti "Yangu!" au "Kipa!"? Wanafunzi wetu wawili waliobishana juu ya jambo hili wiki iliyopita bado hawajapatana.