Lugha ya Ridhaa: Uhakiki wa Maadili ya Kuchapisha Utafiti wa Tiba juu ya Wahadzabe

Mwaka 2022 jarida la Nature Microbiology lilitoa makala juu ya maadili ya kuchunguza bakteria wa mwilini miongoni mwa wenyeji wa asili. Waandishi wake ni wanne, na wa kwanza katika orodha ni Shani Mangola, mwanasheria ambaye mwenyewe ni Mhadzabe. Jambo hili si dogo. Wahadzabe, ambao hesabu yao ni kiasi cha watu 1,000 na kidogo zaidi, na ambao baadhi yao wakaa bonde la Yaeda katika wilaya ya Mbulu, wameandikwa na wengine kwa muda mrefu kuliko walivyojiandika. Makala hiyo yastahili sifa. Nia yetu hapa si kuipinga, bali kufuata mlango ilioufungua na kuingia katika chumba kilicho cha watu wa lugha.

Kwanza tutazame yaliyotangulia. Mwaka 2014 jarida la Nature Communications lilieleza bakteria wa matumboni mwa Wahadzabe 27, wakilinganishwa na Waitaliani 16 wa Bologna. Mwaka 2017 jarida la Science lilionyesha, kwa sampuli 350 za choo kutoka kwa watu 188, kwamba bakteria hao hubadilika pamoja na majira, wakati wa asali na matunda ya mwitu, na wakati wa nyama. Mwaka 2023 jarida la Cell likaongeza uchunguzi mwingine ulio mpana zaidi. Faida ya elimu hii kwa tiba ya ulimwengu hatuikatai. Tena yafaa kukumbuka kwamba mtangulizi wa waandishi wa makala ya mwaka 2014, Stephanie Schnorr, ni mmoja wa wale wanne wa mwaka 2022. Mtaalamu anayerudi kuihoji njia ya fani yake mwenyewe astahili heshima.

Sasa tuje kwenye kanuni. Azimio la Helsinki, lililotolewa mwaka 1964 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, lawabana watafiti, waandishi, wahariri na wachapishaji wote katika wajibu wa kutangaza matokeo. Lataka pia anayechunguzwa aelezwe kwa njia inayomfaa, na apewe nafasi ya kujua matokeo. Lakini katika kurasa za majarida wajibu huu wote kwa kawaida hugeuka kuwa sentensi moja au mbili: kwamba kibali kilipatikana, na kwamba washiriki walitoa ridhaa. Mhariri huuliza kama ridhaa ilitolewa. Ni nadra kuuliza ilitolewa kwa maneno gani.

Na maneno ndiyo shina la jambo lenyewe. Katika Mbulu na Hanang hukutana lugha zisizo na udugu: Kiiraqw cha jamii ya Kikushi, Kidatoga cha jamii ya Kiniloti, lugha za Kibantu kama Kinyaturu, na Kihadza, ambacho hakijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote. Kwa wengi wa watu hawa Kiswahili ni lugha ya pili, nacho ndicho lugha ya fomu.

Tuchukue mifano mitatu. Neno "kipimo", kwa mtu aliyewahi kufika zahanati, lina ahadi ndani yake: anayetoa choo kwa ajili ya kipimo hungoja majibu, na baada ya majibu, dawa. Mtafiti hakuahidi dawa; neno lake limeahidi. Pili, fomu huweza kusema kwamba kushiriki ni kwa "kujitolea", na kwamba mshiriki ana haki ya "kujitoa". Kiambishi kimoja cha kutendea ndicho kinachotenga kuingia na kutoka. Tena "kujitoa" kwenyewe, kama katika "kujitoa mhanga", kwaweza kuwa ni kujitolea kabisa. Msikilizaji ambaye Kiswahili si lugha ya mama yake atashika lipi? Tatu ni "kukubali". Mtu hukubali kwa kupenda, na hukubali pia kwa kushindwa kukataa mbele ya mgeni aliyeletwa na mkubwa wa kijiji. Neno ni lile lile. Hali ni mbili.

Yawezekana tukaambiwa kwamba fomu hutafsiriwa, kisha hurudishwa katika Kiingereza ili kuhakikishwa. Ni kweli, na ni desturi njema. Lakini hilo hupima karatasi dhidi ya karatasi. Halipimi sikio la mzee wa Yaeda Chini aliyesomewa Kiswahili, kisha akaelezwa kwa Kihadza na kijana ambaye maneno yake hayakuandikwa popote.

Madhara ya kupuuza haya yamekwisha kuonekana. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha jenomu za watu wa jamii ya Wasan wa kusini mwa Afrika, na viongozi wao wakalalamika kwamba hawakushauriwa. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao wenyewe za utafiti, zikidai heshima, ukweli, haki na kujali, na kwamba maandishi yapitiwe nao kabla ya kuchapishwa.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. La kwanza, jarida lolote la tiba lichapishe, pamoja na makala, maneno yenyewe ya ridhaa katika lugha yaliyosomwa, na litaje ni nani aliyeyafasiri kwa mdomo na kwa lugha gani, bila kufichua jina la mshiriki. La pili, muhtasari wa matokeo utolewe kwa Kiswahili, na usemwe kwa lugha ya wenyewe, kabla ya chapa na si baada yake.

Gharama yake ni kurasa chache. Faida yake ni kwamba maneno yaliyochapishwa yaweza kuhakikiwa, na sisi wa vyuo vya Kiswahili hatutakuwa na udhuru wa kunyamaza. Sentensi isemayo "walitoa ridhaa" haimpi mhakiki cha kushika. Maneno yaliyosomwa humpa.