Difu ya Kupandia Lyamba

Uwiano wa difu ni hesabu ya meno: meno ya krauni hugawanywa kwa meno ya pinioni. Land Rover za Series zilikuwa na krauni ya meno 47 na pinioni ya meno 10, yaani 4.7. Range Rover iliyotoka mwaka 1970 ilikuja na meno 46 kwa 13, yaani 3.54. Kwa namba ya kwanza injini huzunguka mara nyingi zaidi ili gurudumu lizunguke mara moja, na gari hupata nguvu ya kuvuta. Kwa namba ya pili gari hupata mbio. Mwenye gari la michezo anayelitumia barabarani wiki nzima na kulipeleka uwanjani mwisho wa wiki hulazimika kuchagua kati ya mambo hayo mawili, au kutafuta namba ya katikati. Ufipa, kwenye nyanda za juu za Sumbawanga, hakuna uwanja wa mbio, lakini uchaguzi huo umekuwapo tangu gari la kwanza lilipopandishwa huko, na ulizaa mafundi walioujua kwa undani ambao leo haupatikani kirahisi.

Sababu ni ardhi yenyewe. Sumbawanga iko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi. Kwa upande wa mashariki nyanda za juu hukatika ghafla kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na chini yake kuna bonde la Ziwa Rukwa, kwenye mita 800. Kwa magharibi barabara hupita Matai na kuteremka hadi Kasanga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako kimo hakifiki mita 800. Baya zaidi, mzigo mzito ndio unaopanda: mpunga kutoka Muze na Mtowisa, dagaa na migebuka kutoka Kasanga. Gari hushuka na bidhaa za dukani na kupanda likiwa limeshiba.

Juu ya hayo kuna hewa. Injini inayovuta hewa kwa pumzi yake yenyewe hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kimo, hivyo gari likiwa Sumbawanga limeshapungukiwa na chini kidogo ya moja ya tano ya nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Namba iliyopangwa na kiwanda kwa gari la tambarare haitoshi hapa. Mafundi wa zamani hawakuhitaji kuambiwa hili. Walilisikia gari linavyokohoa kwenye kona za kupandia kutoka Muze kuja Ntendo.

Hesabu ni rahisi kuifuata. Land Rover Series III ina gia ya kwanza ya 3.68 na transfa ya chini ya 2.35. Ukizidisha na difu ya 4.7, injini huzunguka karibu mara 41 gurudumu likizunguka mara moja. Weka difu ya 3.54 mahali pake, na mizunguko hushuka hadi 31 hivi. Robo nzima ya nguvu ya kuvuta imeondoka, tena kwenye gia ile ile ya kuokolea gari. Upande wa pili wa mizani uko kwenye lami. Kwa tairi lenye mzingo wa mita 2.5, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika kwenye gia ya nne na transfa ya juu, gari la 4.7 huenda kilomita 83 kwa saa, la 3.54 huenda 110.

Ndiyo maana barabara ilipobadilika, difu nazo zilibadilika. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 223, ilijengwa kwa lami kutokana na mkataba uliosainiwa mwaka 2008 kati ya Tanzania na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani. Gari lililokuwa likitambaa kwenye vumbi kupitia Laela likaanza kudaiwa mwendo, na wenye Land Rover wakazitaka difu za Range Rover, ambazo hukaa kwenye ganda la ekseli bila kulazimishwa. Hapakuwa na ubaya wowote katika kuzitaka. Ubaya ulikuwa namna ya kuzifunga. Fundi asiyehesabu meno hubadilisha difu ya nyuma peke yake na kuiacha ya mbele na 4.7 yake. Kwenye lami gari huenda bila kulalamika. Siku dereva atakapotia gia ya mbele kwenye utelezi, ekseli mbili zitavutana kila moja kwa kasi yake mpaka kitu kikatike. Tena, spidomita ya gari hilo huchukua mwendo wake kwenye transfa, kabla ya difu. Difu ikibadilishwa nayo ikaachwa, mshale utaonyesha 60 wakati gari linakwenda karibu 80. Fundi mzuri alimweleza mwenye gari jambo hilo kabla ya kumkabidhi ufunguo.

Uchaguzi wa difu hauendi bila kuangalia nafasi kati ya gia na gia. Gia ya pili ya Series III ni 2.22 na ya tatu ni 1.50. Dereva akibadilisha kwenye mizunguko 3,000, injini huangukia kwenye 2,000 na kidogo. Injini ya dizeli ya lita 2.25 huvuta vizuri kuliko popote kwenye 1,800, kwa hiyo bado iko salama, ingawa kwa nafasi ndogo tu. Mlima ukiongezeka kidogo, ya tatu inazimika na ya pili inapiga kelele; kati yake hakuna kitu. Magari ya mashindano hupewa gia zilizokaribiana kwa sababu hiyo hiyo: injini isitoke kwenye sehemu yake ya nguvu. Asiyeweza kubadilisha giaboksi hubaki na difu kama njia yake pekee ya kuzisogeza gia zote kwa pamoja, juu au chini.

Afrika Mashariki ililithibitisha hili hadharani. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1966 na 1967 ushindi ulichukuliwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, kwa Peugeot 404. Gari hilo halikuwa na krauni na pinioni za kawaida. Difu yake iliendeshwa kwa skrubu ndefu inayozungusha gurudumu la bronzi, kifaa cha kimya chenye uvumilivu mkubwa. Datsun 240Z, gari la michezo hasa, ilishinda mwaka 1971 na 1973. Ushindi wa namna hiyo hutengenezwa gereji, miezi kabla ya bendera kushushwa.

Kuhusu aina ya difu maneno ni machache. Difu ya kawaida huruhusu gurudumu la nje kukimbia kuliko la ndani kwenye kona, na kwa ukarimu huo huo hulipa nguvu lile lililo hewani au kwenye tope. Difu ya sahani za klachi hubana magurudumu yote mawili kwa kiasi, na uwanjani huliwezesha gari kutoka kwenye kona bila gurudumu la ndani kuchoma mpira bure. Lakini hutaka oili yake maalumu, na sahani zake huisha. Difu ya gia za msokoto haina sahani za kuisha na ni laini barabarani, ila gurudumu likiwa hewani kabisa haina la kushika. Loki, inayofunga magurudumu yote mawili pamoja, huliokoa gari kwenye korongo na kulitesa kwenye lami. Kwa gari la barabarani na uwanjani, gia za msokoto ndizo za busara kwa walio wengi. Kwa Lyamba wakati wa masika, loki, na dereva anayejua kuifungua.

Sehemu inayostahili sifa zaidi ni kufunga. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani na kupigwa namba moja, kisha huishi na kufa pamoja. Fundi wa difu aliyefundwa huifuta krauni kwa petroli, akaipitisha kwenye mwanga na kuitafuta namba hiyo kwa ncha ya sindano kabla hajagusa kitu kingine. Isipolingana na ya pinioni, kazi huishia hapo. Hata idadi ya meno ilipangwa kwa akili: 47 na 10 hazina kigawo cha pamoja, hivyo kila jino la pinioni hukutana na kila jino la krauni, na yote hulika sawasawa.

Kisha huja beringi za pinioni. Ugumu wake wa kuzunguka hupimwa kwa uzi uliozungushwa kwenye flanji na kuvutwa kwa mizani ya springi, aina ile ile inayopimia samaki sokoni. Baadaye meno machache ya krauni hupakwa rangi, zamani rangi nyekundu ya risasi iliyolainishwa kwa mafuta, na difu huzungushwa kwa mkono huku msaidizi akiizuia kwa tambara ili meno yabanane. Rangi huacha alama yenye umbo la punje ya muhindi. Ikikaa katikati ya jino, ikielekea kidogo upande wa ndani, ni njema, kwa sababu mzigo ukija utaisogeza nje. Ikizama shinani, pinioni imeingia mno na shimu moja, kipande chembamba cha chuma kinachopanga kina cha pinioni, hutolewa. Ikipanda kileleni, shimu huongezwa. Fundi hufungua, hufunga, hupaka tena, na kazi huweza kula siku nzima. Mchezo wa meno huachwa kati ya milimita 0.10 na 0.25, na wapo walioufahamu kwa kutikisa flanji kwa vidole, kisha geji ikathibitisha.

Ukaguzi wa mwisho ni wa sikio. Difu inayolia dereva akikanyaga mafuta ina kasoro upande mmoja wa jino. Inayolia akiachia, upande wa pili. Inayolia wakati wote ina beringi mbovu.

Ufipa ni nchi ya chuma tangu kale. Malungu, matanuri marefu ya udongo yenye kimo cha mita 3 hivi, yaliyeyusha mawe bila mivuo, kwa hewa iliyojivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, na chuma chake kikasafishwa upya kwenye tanuri dogo la kintengwe kabla ya kumfikia mhunzi. Majembe ya dukani yaliiua kazi hiyo, na magofu ya malungu yamebaki mashambani Nkasi. Wengi wa wanaopita karibu nayo kwa magari hawajui ni nini.

Kazi ya difu nayo inaingia njia hiyo. Difu nzima iliyokatwa kutoka gari la mtumba huuzwa kwa uzito na kwa sura, na anayeinunua huuliza kama itaingia. Idadi ya meno haiulizwi. Krauni ya gari moja hufungwa na pinioni ya jingine. Shimu za zamani hurudishwa zilivyotoka, na kelele hutulizwa kwa oili nzito mpaka gari lipate mnunuzi. Utaratibu wa kulizoesha gari nao umeachwa: mwendo wa taratibu na mzigo mwepesi kwa kilomita mia chache za kwanza, oili ikimwagwa kwenye beseni safi ili unga wa chuma uonekane, kisha oili mpya na kukaza boliti upya. Hatua hiyo inataka gari lirudi gereji, na siku hizi difu ikishafungwa asubuhi, mchana gari liko njiani kwenda Tunduma na mzigo kamili wa mahindi.